Mbwa Aliye Macho ya Bwana Wake

Anayetoka Kabalagala akateremka kwenda Namuwongo hupitia Kisugu. Upande mmoja kimesimama kilima cha Muyenga, na matangi yake ya maji juu na nyumba zake kubwa zilizozungushiwa kuta. Upande wa pili ardhi inashuka mpaka penye reli na vinamasi vya Nakivubo, na kadiri inavyoshuka ndivyo nyumba zinavyozidi kubanana. Saa moja ya asubuhi njia hii hufurika. Bodaboda hupita kulia na kushoto, na nyingine hupita pale palipokusudiwa waenda kwa miguu. Teksi husimama popote abiria anyoshapo mkono. Wachoma chapati wamekwisha kutandaza meza zao kando ya mtaro, na mtaro wenyewe mahali pengi hauna kifuniko. Mwenye macho mawili mazima hutembea hapo kwa tahadhari. Je, asiye nayo hutembeaje?

Jibu tulijualo sote katika mji wa Kampala ni fimbo na mtoto. Mara nyingi tumewaona: mzee kashika ncha moja ya fimbo, na mtoto wa miaka saba au minane kashika ncha ya pili, naye ametangulia. Mzee hatumbukii mtaroni, kwa kuwa mtoto anaona. Lakini saa ile ndiyo saa ambayo wenziwe mtoto yule wameketi darasani. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulianza hapa Uganda mwaka 1997, na karo ya shule za msingi za serikali ikafutwa. Fimbo haikutoka mkononi mwa mtoto huyu.

Tumeanza na mtoto ingawa habari yetu ni ya mbwa, kwa sababu wako watakaosema kwamba mbwa wa kuwaongoza vipofu ni anasa ya Wazungu. Kabla hatujakubali wala kukataa, yafaa tuutazame utumishi wenyewe jinsi ulivyo, na mahali ulipoanzia. Ndugu zetu wa jeshi na polisi wana sababu yao ya kuusikiliza, maana chimbuko lake ni vitani.

Katika Vita Kuu ya kwanza, ile ya mwaka 1914 hadi 1918, gesi ya sumu na mizinga viliwapofusha askari kwa maelfu. Huko Ujerumani palikuwa na daktari aitwaye Gerhard Stalling. Yasimuliwa kwamba siku moja alikuwa akitembea bustanini pa hospitali pamoja na askari kipofu, akaitwa ghafula, akamwacha mgonjwa na mbwa wake. Aliporudi aliona jinsi mbwa yule alivyomchunga mgonjwa pasipo kuamriwa. Mwaka 1916 Stalling akafungua katika mji wa Oldenburg chuo cha kwanza cha kuwafunza mbwa kazi ya kuwaongoza askari waliopofuka. Chuo kingine kikubwa kikafunguliwa Potsdam mwaka 1923.

Kulikuwa pia na bibi mmoja Mmarekani, Dorothy Eustis, aliyekuwa akiishi Uswisi akiwafuga na kuwafunza mbwa kwa ajili ya jeshi, polisi na forodha. Alikwenda kutazama kazi ya Potsdam, na mwaka 1927 akaandika habari zake katika gazeti la kwao. Habari ile ilisomwa na mzee mmoja wa mji wa Nashville, naye akamsomea mwanawe Morris Frank, kijana aliyepoteza jicho moja utotoni na la pili katika mchezo wa ngumi akiwa na miaka kumi na sita. Kijana akamwandikia bibi yule barua, akasafiri mpaka Uswisi mwaka 1928, akarudi na mbwa jike aliyemwita Buddy. Waandishi wa magazeti wa New York walitaka kuona kwa macho yao. Frank akavuka mbele yao barabara ambayo hata wenye macho waliiogopa, kisha akampelekea bibi Eustis simu ya neno moja tu, kumwarifu kwamba amefaulu. Mwaka 1929 wakaanzisha chuo kiitwacho The Seeing Eye, ambacho kipo hata leo. Mtu anayepata mbwa wake wa kwanza chuoni humo hulipa dola 150. Askari mstaafu hulipa dola moja.

Sasa tuitazame siku ya mbwa huyu na bwana wake, kama inavyokwenda katika nchi ambamo jambo hili limezoeleka.

Alfajiri kipofu huamka kabla ya mambo mengine yote, akamtoa mbwa nje kwenda haja. Mbwa amefunzwa kwenda haja kwa amri na mahali palipowekwa, na bwana wake humpapasa mgongo akajua kwa jinsi ulivyopinda ni haja ipi, ili aweze kuisafisha. Halafu chakula, kwa kipimo kile kile na saa ile ile, kwa maana tumbo lenye ratiba halimwaibishi mtu sokoni. Baada ya chakula huja burashi. Kipofu hulipitia lile ganda la manyoya kwa vidole vyake tangu masikio hadi kucha, akitafuta kupe, mwiba, jeraha au uvimbe. Tumewahi kuwaona wenye macho wakifuga mbwa miaka mingi wasijue kwamba ana kidonda chini ya kwapa.

Kisha huvishwa mkanda wa kifuani, wenye mshikio mgumu kama wa ndoo unaofika mkononi mwa mtu. Hapo ndipo mnyama hubadilika. Dakika moja iliyopita alikuwa akichezea kiatu; sasa amesimama wima upande wa kushoto wa bwana wake, masikio yako kazini. Mkanda ndio sare yake. Akiwa ameuvaa hachezi, hanusi nguzo, hafuati paka. Akivuliwa ni mbwa kama mbwa wengine, anagaagaa majanini.

Watu wengi hudhani ya kwamba mbwa ndiye ajuaye njia, kwamba kipofu humwambia "twende posta" akapelekwa. Sivyo. Kipofu ndiye ajuaye aendako. Ramani iko kichwani mwake, anahesabu njia panda, anasikiliza kinu cha kusaga, ananusa duka la mikate, naye ndiye atoaye amri: mbele, kushoto, kulia, tafuta mlango. Kazi ya mbwa ni kushika mstari ulionyooka, kukwepa vizuizi, kusimama penye ngazi na penye ukingo wa barabara. Mkono wa mtu ulioshika ule mshikio mgumu husikia kila kipindo cha mwili wa mnyama, kama vile mshika usukani asikiavyo gari. La kustaajabisha kuliko yote ni hili: mbwa hufundishwa kukumbuka urefu usio wake. Tawi lililoning'inia hupita juu ya kichwa chake bila kumgusa, lakini litampiga bwana wake usoni. Kwa hiyo hana budi kulizunguka kana kwamba yeye mwenyewe ana urefu wa futi sita.

Wala hasomi taa za barabarani. Kipofu husikiliza mngurumo wa magari, akaamua wakati wa kuvuka, akatoa amri. Na hapa tumefika kwenye sehemu ya mafunzo ambayo twadhani itawagusa wasomaji wetu kuliko nyingine.

Askari tangu siku yake ya kwanza ya ukuruti amefunzwa kwamba amri hutiiwa. Mbwa huyu naye hufunzwa utii kwanza, miezi mingi, mpaka utii umemwingia mifupani. Utii ukisha kukamilika, hufunzwa jinsi ya kuuvunja. Mwalimu humpa amri ya kwenda mbele huku gari, ambalo dereva wake ni mwenzake mwalimu, likija. Mbwa akitii, gari hukatiza mbele ya pua yake, kila kitu husimama kwa kishindo, naye huambiwa kwamba amekosa. Akikataa amri husifiwa. Hurudiwa hivyo mara nyingi, kwa magari, kwa mashimo, kwa kingo za jukwaa la gari moshi, mpaka siku kipofu anaposema "mbele" na mbwa akasimama kimya, au akajiweka mwenyewe mbele ya magoti ya bwana wake amzuie. Basi mtu yule, aliyekuwa na hakika kwamba njia ni nyeupe, yampasa kuamini kwamba kuna kitu asichokijua. Twaambiwa na walimu wa kazi hiyo kwamba jambo gumu zaidi si kumfunza mbwa kukataa. Ni kumfunza mtu kukubali kukataliwa.

Uasi huu una mpaka wake. Mbwa hakatai kwa sababu ya uchovu, au mvua, au kwa kuwa upande wa pili wa barabara kuna mwenziwe anayebweka. Anayekataa kwa sababu hizo hutolewa kazini mapema, na wengi hutolewa. Anayefaulu huanza kazi akiwa na umri wa miaka miwili hivi, baada ya kulelewa mwaka wake wa kwanza katika nyumba ya watu wa kawaida ili azoee watoto, makelele na umati. Mchana kutwa, bwana wake awapo ofisini, yeye hulala chini ya meza saa nyingi bila kusikika. Jioni mkanda huvuliwa na mpira hutupwa. Akifikia miaka tisa, kumi au kumi na mmoja, miguu ya nyuma huwa mizito, hustaafishwa. Na kipofu, ambaye amekuwa naye pengine kuliko alivyokuwa na ndugu zake, huanza tena na mbwa kijana asiyejua bado ni upande gani wa kitanda alalako.

Hayo ndiyo ya kule. Tuyalete Kisugu.

Mbwa aliyefunzwa husimama penye ukingo wa njia ya waenda kwa miguu, na kwa kusimama kwake kipofu hujua kwamba barabara imeanza. Kisugu ukingo huo mahali pengi haupo. Barabara, njia ya miguu na kibaraza cha duka ni udongo mmoja. Mbwa hufunzwa kwamba magari huja kwa upande wao. Bodaboda huja kwa upande wowote ule, hata kwa nyuma. Kipofu huamua kwa sikio. Na sasa mjini Kampala zimeongezeka pikipiki za umeme, ambazo hazina mngurumo. Juu ya hayo kuna mbwa wa mitaani wasio na mwenyewe, ambao mmoja wao akimshambulia mbwa wa kazi na kumtia woga, mafunzo ya miaka miwili yaweza kupotea kwa dakika mbili. Kuna kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao nchini mwetu bado unaua, hivyo chanjo haina mjadala. Kuna nyama na dawa za mnyama katika nyumba ambayo pengine watu wenyewe hula mara moja kwa siku. Na gharama ya kumzaa, kumlea na kumfunza mbwa mmoja katika vyuo vya Ulaya na Marekani huhesabiwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Hapa barani Afrika, chama cha Afrika Kusini kimekuwa kikiifanya kazi hii tangu mwaka 1953, kilipoanzishwa na Gladys Evans, bibi kipofu aliyehamia huko akiwa na mbwa wake.

Halafu kuna sisi wenyewe. Katika Kampala mbwa ni mlinzi. Amefungwa mchana, hufunguliwa usiku, na langoni pameandikwa "Mbwa Kali", kwa Kiswahili ambacho mwalimu wetu wa zamani angekitia wino mwekundu, lakini mwizi hukielewa vyema. Mtoto wa Kisugu amekua akijua kwamba mbwa hukimbiwa au hupigwa jiwe. Mbwa wa kumwongoza kipofu angepita vipi pale ambapo kila ampishaye anaruka mtaroni na kila mtoto ameinama kuokota?

Ndugu zetu Waislamu, nao ni wengi katika wasomaji wa ukurasa huu, wana swali lao la haki. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi na huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hatutoi fatwa, si kazi yetu. Lakini twakumbusha kwamba mbwa wa kuwinda na wa kuchunga mifugo ana ruhusa yake inayojulikana, na kwamba Kurani yenyewe, katika Sura ya Pango, inamtaja mbwa aliyelala kizingitini pamoja na wale vijana. Mwaka 2008 katika mji wa Leicester, Uingereza, kijana kipofu Mwislamu aliruhusiwa kufika msikitini na mbwa wake, baada ya wanazuoni kulitazama jambo hilo. Mbwa akatengewa mahali pake pa kungojea mbali na wanaosali, na kijana akaenda kutawadha na kuswali.

Kwa hiyo wenye kusema kwamba mbwa wa namna ya Oldenburg hawezi kesho kutembea Kisugu, wana hoja. Lakini wasiseme kwamba mbwa wa Kiganda au wa Kiacholi hana moyo wa kazi hiyo, maana hapo tuna shahidi katika nchi yetu wenyewe.

Shahidi huyo ni Francis Okello Oloya wa kaskazini. Akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili alikuwa akilima shambani, na bomu lililokuwa limejificha ardhini likalipuka, likamwondolea macho. Ilikuwa katika vita vile vya kundi la LRA vilivyoiumiza nchi ya Acholi miaka karibu ishirini, mpaka mapigano yaliposimama huko mwaka 2006. Alipopelekwa shule ya bweni, usiku ulikuwa taabu kwake: choo kilikuwa mbali na mahali pa kulala, na kila mara kumwamsha mwenzake ampeleke ni jambo la aibu. Palikuwa na mbwa wakilala pale shuleni. Hakuna aliyewafunza. Wakamzoea kijana yule, wakaanza kumsindikiza gizani mpaka chooni na kumrudisha. Ndio mbwa wale wale ambao sisi tunawaokotea mawe.

Okello alisoma, akawa mtaalamu wa elimu ya nafsi ya watu katika jamii, na huko Gulu akaanzisha mradi wa kuwaunganisha mbwa waliookotwa mitaani na watu waliojeruhiwa roho na vita: waliotekwa wakiwa watoto, wajane, na waliowahi kushika bunduki. Mbwa hutibiwa, huchanjwa, hupimwa tabia. Mtu naye huja mafunzoni na mbwa wake wiki baada ya wiki, akijifunza kumlisha, kumwamrisha na kumtunza. Mtu ambaye kwa miaka alikuwa akiamka usiku akipiga kelele, sasa akiamka hukuta pumzi ya kiumbe kingine karibu naye. Mbwa hao hawaongozi vipofu barabarani, tusichanganye mambo. Ila wameonyesha kwamba mwananchi wa kawaida, mwenye nyumba ya udongo, aweza kumfunza mbwa wa mtaani na kuaminiana naye. Ndani ya majeshi yetu wako waliorudi kutoka mstari wa mbele na macho pungufu au usingizi pungufu. Hao wataelewa bila kufafanuliwa zaidi.

Kwa sasa basi, chombo kilicho karibu na mkono wa kipofu wa Kisugu ni fimbo nyeupe. Nayo pia, kwa namna itumiwavyo leo, ilitoka jeshini: mwaka 1944, katika hospitali ya jeshi ya Valley Forge huko Marekani, sajini Richard Hoover aliona kwamba askari waliopofuka walikuwa wakitumia fimbo fupi za kuegemea, akabuni fimbo ndefu nyepesi, ya kupapasa kushoto mguu wa kulia ukienda mbele, na kulia mguu wa kushoto ukienda, ili kila hatua ikanyage mahali palipokwisha kupimwa. Tarehe 15 Oktoba kila mwaka ndiyo siku ya fimbo hiyo. Haibweki, haili, na shimo hulijua. Tawi la juu hailijui, wala haiwezi kukataa amri.

Yule askari wa usalama barabarani asimamaye pale njia zinapokutana ana sehemu yake katika habari hii. Aonapo fimbo nyeupe imeinuliwa kando ya barabara, asimamishe magari pande zote mbili, kisha aseme kwa sauti kwamba amesimamisha. Mkono wake ulionyoshwa kipofu hauoni. Asimshike mtu mkono na kumburuta, bali amtolee kiwiko chake akishike mwenyewe. Akija mgeni au mwananchi na mbwa mwenye mkanda na mshikio, asimwite mbwa, asimpapase kichwa wala kumtupia mfupa, hata kama yeye mwenyewe ni wa kikosi cha mbwa na mkono unamwasha. Azungumze na mtu. Na akisikia mwenye duka au kondakta wa teksi akimfukuza kipofu kwa sababu ya mbwa wake, akumbuke kwamba Katiba ya mwaka 1995, kifungu cha 35, inamtambulia mtu mwenye ulemavu haki ya heshima ya utu wake, na kwamba iko Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 inayokataza ubaguzi.

Na ikiwa ncha ya mbele ya fimbo imeshikwa na mtoto, na siku si Jumamosi wala Jumapili, na saa ni saa nne asubuhi, awavushe kwanza. Wakiisha kufika ng'ambo salama, amwamkie mzee kwa heshima, amuulize mtoto jina la shule yake na darasa lake ni la ngapi. Jibu likikosekana, mwenyekiti wa mtaa ana ofisi, na kitengo cha polisi cha watoto na familia kipo vituoni.